Mhasibu Aliyemkosesha Mama Cheo

Ofisini Mhasibu hakutia sukari kwenye chai. Alisema sukari ni matumizi yasiyo na risiti. Ukimkaribisha nyumbani kwako alitia vijiko vinne, akakoroga taratibu, kisha akakuuliza kama hakuna cha kutafunia. Naanza na hilo kwa sababu tangu tumzike watu wa Babati wamekuwa wakimsimulia kama mtakatifu, na mimi niliyekaa naye meza moja kwa miaka mitatu nasema hapana. Alikuwa bahili, alikuwa mbishi, na kwa miaka kumi na miwili alijua kwamba amemkosesha mama yangu cheo na hakumwambia. Pia ndiye aliyenifundisha kazi ninayokula nayo ugali leo. Yote mawili ni kweli na sioni sababu ya kuficha moja.

Shule yetu ni ya binafsi, iko upande wa Bonga, ukitoka mjini kama unakwenda Dodoma. Ina wafanyakazi arobaini na kitu, kuanzia mkuu wa shule hadi mlinzi wa getini. Kwingine siku ya mshahara simu inalia, mtu anatazama salio, basi, anakwenda zake sokoni. Kwetu pesa ziliingia benki kama kawaida, lakini slipu ya mshahara aliitoa Mhasibu kwa mkono wake, na huipati mpaka ukae kwenye kiti cha mbao mbele ya meza yake umweleze kila mstari. Si yeye akueleze wewe. Wewe ndiye unaeleza, na yeye anakusikiliza huku penseli iko sikioni. Umekatwa nini, kwa nini, kinakwenda wapi. Ukikosea unaambiwa urudi saa kumi.

Watu walimchukia kwa hilo, nisiwadanganye. Mwalimu wa Fizikia, mtu mwenye shahada yake, alirudishwa mara mbili mwezi mmoja na akaapa hatakanyaga tena ile ofisi. Mwezi uliofuata alikuwa wa kwanza kwenye foleni, amekariri kama mtoto wa kipaimara.

Kilichomtesa Mhasibu ni imani moja, na ukikaa Babati utaisikia kila mahali, stendi, saluni, hata nje ya kanisa baada ya ibada. Watu wanaamini kwamba mshahara ukivuka ngazi moja ya kodi, basi mshahara wote, tangu shilingi ya kwanza, unakatwa kwa asilimia ya ngazi mpya. Kwamba ukiongezewa kidogo ukavuka milioni, unakatwa thelathini kwa mia ya kila kitu, unarudi nyumbani na hela pungufu kuliko jana. Nimewasikia wasomi wakilisema hili kwa uhakika kabisa. Wapo waliokataa vipindi vya ziada vya jioni kwa ajili yake. Mlinzi wetu mmoja aliomba nyongeza yake aandikiwe mke wake, ambaye wala hakuwa mfanyakazi wetu.

Mama wa jikoni, yule anayepika makande ya wanafunzi, alikuja siku moja analia kweli. Mshahara wake baada ya kutoa mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii ulikuwa laki mbili na sitini, na kiasi hicho hakiguswi na kodi. Shule ikaamua kumwongezea ifike laki mbili na themanini. Mtu akamwambia, mama, sasa umeingia kwenye kodi, umekwisha. Mhasibu alimkalisha, akamuuliza mstari wa kodi unaanzia wapi. Laki mbili na sabini. Wewe umeuvuka kwa shilingi ngapi? Elfu kumi. Basi kodi inatafuta hiyo elfu kumi tu, asilimia nane, shilingi mia nane. Yule mama alifuta machozi, akauliza mia nane ya siku au ya mwezi. Alipoambiwa ya mwezi alimsonya Mhasibu kwa kumpotezea muda, maana alikuwa ameacha maharage motoni.

Mhasibu alikuwa na maneno yake kuhusu hili, aliyasema mpaka tukachoka. "Hawakati mtu, wanakata shilingi." Aliyasema kwa wakubwa na wadogo, kwa sauti ileile. Kompyuta tulikuwa nayo na ilikokotoa kila kitu kwa sekunde, ila yeye alirudia hesabu zote kwa penseli, watu arobaini na kitu, ndipo akairuhusu ichapishe. Kuhusu mambo mengine alikuwa mzembe wa kutisha. Alisahau miadi, alisahau miwani kichwani mwake mwenyewe, na baiskeli yake iliachwa sokoni mara nyingi hadi wauza vitunguu wakawa wanaijua. Alibishana na mtoza pesa wa choo cha stendi juu ya shilingi mia mbili, akabishana hadi haja ikamwisha. Lakini kodi yake mwenyewe, ya vyumba vitatu alivyopangisha kule Maisaka, aliipeleka kabla ya siku yake, amevaa koti.

Mwalimu wa Jiografia alimwuliza siku moja kwa nini mtu wa Manyara akatwe sawa na mtu wa Dar es Salaam, wakati maisha si sawa na barabara si sawa. Nilidhani atakasirika. Alivua miwani akasema kodi ya mshahara ni ya taifa, haina mkoa, laki ya Babati na laki ya Dar ni ndugu. Kinachobadilika kwa mahali ni ushuru wa halmashauri, na huo utakutana nao kwenye kizuizi cha mazao ukiwa na gunia, si ukiwa na slipu. Kama unaona si haki, alisema, mwambie mbunge wako, ila usimwambie umekatwa zaidi ya mwenzako wa Dar, kwa sababu hujakatwa. Mwalimu wa Jiografia alikubali nusu, na nusu nyingine bado anabisha hadi leo.

Mimi nilifika ofisini kwake nikiwa na stashahada ya uhasibu na kiburi cha kutosha. Wiki ya kwanza alinipeleka stoo. Huko alikuwa na mabeseni matano ya plastiki, kikombe chekundu, na debe la mbaazi. Akayapanga mabeseni mstari mmoja, akaniambia kila kikombe ni shilingi elfu kumi, na mimi ni mtu mwenye mshahara wa milioni moja na elfu arobaini, mchango wa mfuko umeshatoka. Nikapima vikombe mia moja na nne. Kazi ya kipuuzi, niliiona hivyo, na mikono ilikuwa imejaa vumbi la mbaazi.

Beseni la kwanza linachukua vikombe ishirini na saba, likijaa limejaa, hakuna anayeligusa. La pili linachukua ishirini na tano, na humo tunatoa nane kwa mia, yaani vikombe viwili kamili. La tatu lina ishirini na nne, tunatoa ishirini kwa mia. La nne nalo ishirini na nne, tunatoa ishirini na tano kwa mia, vikombe sita. Hapo nimefika milioni moja na mkononi nimebakiwa na vikombe vinne. Hivyo vinne ndivyo vinavyoingia beseni la tano, na hivyo peke yake ndivyo vinavyokatwa thelathini kwa mia. Akanifanya nijumlishe nilichokitoa. Vikombe kumi na vinne. Laki moja na arobaini.

"Ulidhani ngapi?" akaniuliza.

Nilijua jibu la darasani, lakini nilimwambia ukweli kwamba watu wa nyumbani kwetu wangesema laki tatu na ushei. Nilisema watu wa nyumbani. Nilikuwa namaanisha Mama. Naye alijua namaanisha nani, kwa sababu alianza kurudisha mbaazi kwenye debe bila kunitazama, na alikuwa mtu wa kutazama.

Mama alifundisha Kiswahili pale pale shuleni kwa miaka mingi. Nilipokuwa kidato cha pili walimwita wakampa umakamu wa mkuu wa shule, na nyongeza ya laki na nusu kwa mwezi. Akakataa. Alirudi nyumbani akatuambia mezani, mimi na dada zangu, kwamba amekwepa mtego. Kuna mtu amemfumbua macho, angepanda ngazi ya kodi na kupata hasara kila mwezi kwa kufanya kazi mara mbili. Alilisimulia hilo kwa majirani, akalisimulia kwa shangazi zangu walipokuja kutoka Mbulu, na kila mara alicheka akisema watu wa cheo wanateseka bure. Aliyemfumbua macho alikuwa Mhasibu.

Kila mwaka baada ya mavuno Mama alimpelekea debe la mbaazi kama shukrani. Ndiyo, zile za stoo. Niliporudi nyumbani siku ile nilimwuliza Mama kwa utulivu kama anakumbuka Mhasibu alimwambia nini hasa. Alikumbuka neno kwa neno. Walikuwa wanatembea kutoka shuleni kuja barabara kuu, akamuuliza, Mhasibu, nikikubali hiki cheo kodi itanifanyaje, naye akajibu palepale, bila penseli, utakatwa thelathini kwa mia ya mshahara wako, Mama Safari, bora ubaki ulipo. Safari ni mimi.

Usiku sikulala vizuri, na asubuhi sikumpa Mhasibu shikamoo. Hilo kwetu ni tusi. Alinitazama akaniambia nifunge mlango, kisha akasema mwenyewe kabla sijafungua mdomo.

Wakati ule hakuwa mhasibu. Alikuwa mtunza stoo aliyekabidhiwa kisanduku cha fedha baada ya mhasibu wa kwanza kuondoka, na watu wakaanza kumwita Mhasibu kwa heshima, naye akaipenda ile heshima. Jedwali la kodi alilisoma kama tulivyolisoma wote, akaona thelathini akadhani ni thelathini ya kila kitu. Baada ya Mama kukataa, cheo kilikwenda kwa mwalimu mwingine, mwanamume wa Hesabu, na Mhasibu akamkata kwa makosa hayohayo miezi minane. Yule mwalimu wa Hesabu hakusema kitu, ndiyo ajabu yake. Aliamini. Mwaka uliofuata Mhasibu alipelekwa semina Arusha, mwezeshaji akachora ngazi ubaoni, na yeye akiwa amekaa mstari wa nyuma akaona kosa lake. Aliporudi alikokotoa upya miezi yote minane, makamu akarejeshewa hela yake mpaka senti ya mwisho, pamoja na barua ya kuomba radhi.

"Yeye alikuwa amekatwa, nikamrudishia," aliniambia. "Mama yako hakukatwa chochote. Ningemrudishia nini?"

Nilimwambia angemrudishia ukweli. Nilimwambia kwa ukali, na sijutii. Nikamwambia pia kwamba nusu ya mabeseni yake ni woga, kwamba amefundisha walinzi na wapishi na madereva na mtu mmoja tu hakumfundisha, yule ambaye slipu alimpelekea mwenyewe darasani bila kumkalisha kitini. Alikubali yote. Hicho ndicho kilichoniudhi zaidi, kwamba alikubali kwa upole na bado hakwenda. Alisema Mama anajivunia ule uamuzi, je, amvunje? Nikasema usiponiahidi nitamwambia mimi. Akaahidi.

Hakutimiza, na mimi pia sikumwambia. Miaka mitatu tulikaa meza moja na lile jambo katikati, tukifanya kazi nzuri. Kila baada ya mavuno Mama alinipa debe la mbaazi nimpelekee, na mimi nililibeba kwenye bodaboda mpaka shuleni nikaliweka stoo. Mhasibu hakuwahi kupika hata kikombe cha zile mbaazi. Zilifundishia mwaka mzima na zikianza kuliwa na wadudu alizipeleka jikoni kwa wanafunzi, akanunua zake sokoni. Bahili yule, akanunua mbaazi sokoni. Nilimhurumia, kisha nikakumbuka kiinua mgongo cha Mama kilivyokuwa kidogo, kwa kuwa kilihesabiwa kwa mshahara wa mwalimu na si wa makamu, huruma ikaniisha.

Alistaafu akiwa tayari anakohoa. Mwezi wa nane wa mwaka jana, Jumamosi, nilikuwa nyumbani kwa Mama, huko Bonga, napigilia bati la banda la kuku nilipomwona anaingia getini anasukuma baiskeli. Kwenye keria ya nyuma amefunga mabeseni matano, moja ndani ya jingine, na faili nene la karatasi. Nilishuka kwenye ngazi. Mama alimkaribisha kwa furaha kubwa, akampa kiti, akatengeneza chai ya maziwa. Mhasibu hakutia hata kijiko cha sukari. Hapo nikajua amekuja kikazi.

Alimweleza Mama akiwa amesimama. Hakupamba. Alisema siku ile barabarani nilikujibu uongo kwa kutojua, mwaka uliofuata nikajua, na tangu hapo nimenyamaza kwa kutaka. Mama alikuwa ameshika sufuria. Aliiweka chini, akakaa, akanitazama mimi, na kwa uso wangu akaona kwamba nami nilijua. Niliona haya ambayo sijawahi kuyaona maishani.

"Hesabu," Mama alimwambia. "Nilikosa kiasi gani?"

Alikuwa amekuja na jibu tayari. Laki na nusu kwa mwezi, miezi sabini na miwili hadi alipostaafu, milioni kumi na laki nane. Alilitaja kwa sauti ndogo. Mama akafikiri. Kisha, mwalimu yule wa Kiswahili ambaye hajawahi kukaa kwenye kile kiti cha mbao, akasema hiyo ni kabla ya makato, humo kuna ya mfuko na ya kodi, yeye anataka ile ambayo ingefika mkononi mwake. Na anataka aione.

Mhasibu akayapanga mabeseni kwenye mkeka. Mama akaleta mbaazi zake mwenyewe. Faili lilikuwa na majedwali ya kila mwaka, kwa sababu viwango hubadilika na bajeti, na yeye hakuwahi kutupa hata moja. Walianza na mwaka ule wa kwanza, vikombe vya mshahara wake wa zamani, kisha vya nyongeza juu yake. Mhasibu alipokuwa akipima mbaazi zikamwagika, Mama akamwambia aache, atapima yeye. Akapima. Kila nyongeza ilipoingia beseni la juu alimsimamisha Mhasibu akauliza kama haya ya chini yameguswa. Hayajaguswa, Mama Safari. Hata mwaka huu? Hata mwaka huu. Akauliza hivyo miaka yote sita, na yeye akajibu miaka yote sita, na chai ikapoa.

Mwisho Mhasibu alijumlisha kwa penseli, akarudia, akamkabidhi karatasi. Milioni sita na laki tisa kasoro kidogo. Nilidhani Mama atalia, au atamfukuza, na nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili. Aliisoma ile karatasi akaikunja, akaiweka juu ya mkeka, hakuitazama tena.

"Mimi niliitaka ile kazi, Mhasibu," alisema. "Siku zote hizi nasema sikuitaka. Niliitaka sana."

Mhasibu aliinama akaanza kuokota mbaazi zilizomwagika, moja moja, na Mama akamwacha aokote.